Kemia kwa Jimbo Zima

Jumatatu, 8 Juni 2020
Shule bado zimefungwa kwa ajili ya korona. Leo Madamu Ngizan, mkurugenzi wetu hapa wizara ya elimu, kanikabidhi kazi ya kupanga masomo ya mtandaoni kwa shule zote za serikali. Jimbo zima! Mimi, Iorfa! Adakole wa kitengo cha kompyuta alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Akasema mimi hata kutuma barua pepe huwa namwita yeye. Ni kweli, lakini hayo si ya kusema mbele ya watu.

Sikujali. Nilikuwa namwaza Hembadoon, mwalimu wa kemia. Miaka miwili sasa tangu ahamishiwe Tse-Kaase, kule milimani, ambako mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, nyuma ya kanisa. Alipokuwa hapa mjini tulikula pamoja kila Ijumaa, viazi vikuu vya kutwanga na mchuzi wa ufuta. Sikuwahi kumwambia neno. Nilidhani Ijumaa haziishi.

Basi mpango ni huu. Walimu watarekodiwa hapa makao makuu, na wa kemia atakuwa yeye.

Jumatano, 10 Juni
Nimeandika sifa za mwalimu wa kemia. Awe mwanamke. Mrefu. Aandike kwa mkono wa kushoto, ili asizibe mwanga wa dirisha. Awe na mwanya. Madamu aliuliza mwanya wa nini. Nikasema unasaidia kutamka majina ya kemikali. Akapiga mhuri. Nimetoka nikipiga mluzi.

Jumatatu, 15 Juni
Waombaji wanne, wote wana mwanya! Mmoja ni mpwa wa Madamu, na huo wake si mwanya, ni jino lililong'oka. Adakole anampigia debe waziwazi. Nikaongeza sharti usiku wa manane kichwani, asubuhi kwenye karatasi: awe amefundisha milimani. Mpwa hajapanda hata ngazi za wizara. Hembadoon kapita peke yake.

Alhamisi, 18 Juni
Amekuja! Kapungua kidogo, sauti ileile. Akaniambia, "Kaka Iorfa, bado unatembea kama mtu aliyesahau kitu!" Kaka. Hilo nitalipuuza.

Nilimpa zawadi, kitambaa cha a'nger cha kufumwa kwa mkono, mistari myeusi na myeupe, ya kubanana. Madamu alifurahi, akasema mwalimu wetu avae nguo ya kwao. Hembadoon alipojifunga nilisahau kazi iliyotuleta. Kamera ikawashwa. Balaa! Mistari yote ikaanza kutambaa kwenye skrini, ikichezacheza, ikirukaruka. Mpiga picha alishika ukuta. Madamu akasema anaona watu wawili wawili. Adakole akauliza kama hili ni somo la kemia au la kutapika.

Mwishowe alirekodiwa kavaa koti la Adakole. Koti la Adakole! Tena lilimkaa vizuri.

Ijumaa, 19 Juni
Tumekula pamoja, kama zamani. Nilitaka saa isimame. Yeye alikuwa anawaza wanafunzi wake, thelathini na sita, wote wa mtihani wa mwisho wa sekondari. Video hawataiona. "Jiwe lenyewe linakaa watu watatu," akasema. "Tia redio kwenye mpango, tafadhali. Redio kila nyumba ipo. Wasipopata masomo watafeli, na mwaka ujao hakuna atakayewalipia tena." Alinishika mkono aliposema hivyo. Nikaahidi. Kwa mkono ule ningeahidi hata kuhamisha mlima.

Nikarudi ofisini, nikauandika ukurasa wa redio, wa kumi. Ndipo nikaona hatari. Kituo cha redio kiko karibu na Tse-Kaase, mwendo wa saa moja kwa miguu. Atarekodi huko huko! Hatakuja tena mjini. Niliahidi saa saba. Saa tisa ukurasa ulikuwa ndani ya droo yangu.

Jumanne, 23 Juni
Nimeumbuka. Adakole aliusoma mpango mbele ya watu wote. Alipofika ukurasa wa tisa akanyanyua kichwa. "Mzee wa mipango, mbona baada ya tisa inakuja kumi na moja?"

Hembadoon hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Akauliza kwa upole kama nimeusahau au nimeutoa. Nikasema panya. Panya! Wanaokula ukurasa mmoja katikati na kuacha mingine! Adakole akaivuta droo yangu, ukurasa ukawa juu kabisa, mzima, bila jino la panya wala la mtu.

Hembadoon alinirudishia kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri, akasema wanafunzi wanamsubiri, akaondoka na gari la saa nane. Hakuniita kaka. Ajabu, hata hilo nimelikosa.

Jumatano, 1 Julai
Video za masomo zimewekwa kwenye tovuti. Nimetazama ya Hembadoon, ya asidi. Kwenye dakika ya kumi na nne anakosea, anacheka, anafuta ubao kwa kiganja. Nairudisha hapo. Nairudisha tena. Ninamtamani mpaka kifua kinauma, na yeye ananieleza rangi ya karatasi ya litmasi. Nimempigia simu mara kumi. Hapatikani. Labda jiwe limejaa.

Ijumaa, 10 Julai
Kikao kikubwa leo. Madamu alisoma takwimu kwa mbwembwe. Hisabati imetazamwa mara sita. Kiingereza mara tisa. Kemia mara mia nne na kumi na mbili! Akasema watoto wa jimbo hili wana kiu ya elimu, na mtandao umewafikia kila kona. Makofi. Adakole mwenyewe alinipa mkono.

Kwa hiyo, akasema, redio haina haja tena. Akaupiga ukurasa wa kumi, uliokuwa umerudishwa mpangoni, mstari mwekundu.

Mara mia nne na tano katika hizo ni mimi.

Nilisimama. Naapa nilisimama, na mdomo ulikuwa wazi. Nikawaona wale thelathini na sita wamejipanga chini ya jiwe. Nilikuwa nimeshasema, "Madamu, kuna jambo..." Naye akaendelea kwamba kwa kuwa kemia inapendwa hivi, sehemu ya pili itarekodiwa hapahapa mwezi wa nane, na mwalimu awe yuleyule.

Wote wakanigeukia. Nikasema jambo lenyewe ni pongezi. Nikakaa.

Atakuja amenikasirikia. Huenda asinisalimie. Lakini atakuja, na nina wiki nne za kupanga namna ya kumwambia.

Nimerudi mezani, nimefunga mlango, nimebonyeza tena. Mia nne na kumi na tatu.