Ndege Chini ya Sahihi

Jumatatu, 6 Juni 1955

Habari kubwa! Mzee Kathuri, karani mkuu wa kambi yetu hapa Kanja, anastaafu. Ametangaza leo asubuhi huku akipuliza chai yake. Tarehe kumi na nane anarudi kwao Ruiri kwa ng'ombe wake, ambao anasema wana akili kuliko sisi sote ofisini. Kiti chake kitabaki wazi. Kiti chenye mikono! Kando ya dirisha! Na pamoja na kiti, nyumba ya mabati.

Nyumba yangu ni ya nyasi, kama za wote tuliohamishiwa kijiji hiki kilichozungushiwa handaki. Inavuja mahali sita. Mke wangu Wamuyu amepanga sufuria sakafuni na anajua kila moja hujaa saa ngapi. Nilipompa habari aliniuliza kama kuna mtu aliyeniahidi hayo mabati au nimejiahidi mwenyewe.

Wanaogombea ni wawili. Mimi, Ndambiri, karani msaidizi kwa miaka minne, mwenye mwandiko bora kutoka hapa hadi Meru mjini. Na Njuki, kijana aliyeletwa Januari kutoka chuoni. Njuki anaandika herufi moja moja, zimesimama wima kama nguzo za boma, hakuna hata moja inayomshika mwenzake mkono. Anasema ndio mtindo mpya, hata mtoto anausoma. Kama mtoto anausoma, una heshima gani? Bwana D.O., afisa wa wilaya, atachagua mmoja wetu na kupeleka jina Embu wiki ijayo. Nimeshaanza kumhurumia Njuki.

Jumanne, 7 Juni

Nimempelekea Bwana D.O. maelezo ya kurasa nne juu ya historia ya mwandiko, ili ajue ana mtu wa namna gani. Yote nimeyatoa katika kitabu cha buluu nilichoachiwa na marehemu baba mdogo Mbaka, aliyesomeshwa na wamisheni wa kwanza. Nimeeleza kwamba Warumi walichonga herufi kwenye mawe, ndiyo maana zilinyooka, kwa kuwa jiwe halina subira na mikunjo. Kwamba watawa waliandika kwenye ngozi ya ndama, polepole, maana hawakuwa na wake wa kuwaita nyumbani. Kwamba Waitaliano waliokuwa na haraka walizilaza herufi ubavu, wakaziunganisha, kalamu isipoteze muda kunyanyuka. Kisha Waingereza wakachora mwandiko kwenye bamba la shaba, na hapo ndipo ulipopatikana mwandiko wa kweli. Ukishuka, kaza. Ukipanda, legeza. Mnene, mwembamba, mnene, mwembamba!

Nikamalizia kwa masikitiko kwamba siku hizi wako watu wanaotaka kuturudisha kwenye mawe. Sikutaja jina. Nilipiga mstari tu mara tatu.

Maelezo yamerudi saa tisa. Bwana D.O. ameandika maneno mawili pembeni, sikuweza kuyasoma. Mzungu huyu anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Mzee Kathuri anasema ameandika "Kwa nini?" Mimi naona ni "Vizuri sana". Tumekubaliana kutokubaliana.

Jumatano, 8 Juni

Kitabu cha buluu kinasema mabingwa wa kale hawakutumia ncha za chuma, bali manyoya ya bata bukini. Hapa Kanja bata bukini hatuna. Tunaye jogoo wa jirani yangu, Mama Jedidah. Nilimvizia nyuma ya ghala. Matokeo: manyoya mawili na mkwaruzo mrefu, na ni mkono ule ule wa kuandikia! Mama Jedidah alinikuta nimelala kifudifudi kwenye viazi vitamu vyake. Nikamwambia natafuta ufunguo. Akasema mlango wangu umefungwa kwa kamba tangu tuhamie. Mwanamke mdadisi sana.

Unyoya wa kwanza ulimwaga doa kubwa juu ya orodha ya wagonjwa wa zahanati. Wagonjwa wanane hawaonekani tena. Narudi kwenye chuma.

Mchana nikajaribu mtindo wa Wamarekani wa biashara, ambao huandika kwa mkono mzima kutoka begani, vidole vimetulia. Unahitaji nafasi. Chai ya Mzee Kathuri ilikuwa ndani ya nafasi hiyo. Ameniomba nisubiri mpaka aondoke.

Ijumaa, 10 Juni

Nimegundua jambo! Nyamu, homugadi, yaani mgambo anayelinda lango kuu, hajui kusoma!

Siku hizi za Hali ya Hatari hakuna mtu anayevuka lango bila pasi, na pasi zote tunaziandika sisi makarani, mimi na Njuki. Leo nilisimama langoni nikatazama. Nyamu huishika pasi mbali na uso, huigeuza juu chini, huinusa. Pasi za Njuki anazikunjia uso. Zangu anazipigia saluti. Nikamuuliza anaitambuaje ya kweli. Akaniambia bila haya yoyote, "Karani, karatasi ya serikali iko na mikia. Hii ya huyu kijana hakuna mkia. Hii ni kama ya kufunga sukari."

Mtu mwenye macho! Nikakaa naye chini nikamfundisha. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha buluu una ndege, njiwa anayechorwa kwa mkunjo mmoja bila kuinua kalamu: mdomo, kifua, bawa, mkia, kisha mkia wa mkia. Mabingwa walimweka chini ya sahihi kuonyesha kwamba mkono haukutetemeka. Nikamwambia Nyamu kwamba kuanzia kesho pasi ya kweli ina ndege. Isiyo na ndege, mwenyewe arudi alikotoka. Akauliza, hata kama anamfahamu mtu huyo? Nikasema hata kama ni mama yake mzazi. Akapiga saluti.

Sasa Bwana D.O. ataona mwenyewe ni karatasi za nani zinazovuka lango na ni za nani zinazorudi. Nimelala vizuri leo mchana.

Jumamosi, 11 Juni

Ushindi! Leo ni siku ya soko. Watu kumi na saba wenye pasi za Njuki wamerudishwa. Wote wakaja kupanga foleni kwenye meza yangu. Nimechora ndege mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Wakatoliki nimewaandikia kwa mwandiko wa Kitaliano, kama wa mapadre wao. Watu wa misheni ya Kiingereza nimewapa ule wa shaba. Kila mtu ameondoka na heshima ya dini yake.

Mama Jedidah alikuwa miongoni mwa waliorudishwa, na kikapu cha ndizi mbivu mgongoni. Alidai ndege wawili kwa kuwa anasafiri na mbuzi. Nikamchorea wawili, na wa mbuzi nikamwongezea kishungi. Kufikia hapo soko lilikuwa limekwisha na ndizi zimeanza kutoa maji. Alinitazama vibaya sana. Sijui kwa nini, na ndege wake walikuwa wazuri.

Nyamu naye amekuwa mtaalamu. Amemrudisha mzee Mukiri kwa sababu ndege wake ana mkia mfupi. Alisema huyo bado ni kifaranga, hawezi kufika Embu mjini. Nikaenda mwenyewe nikaurefusha.

Jioni Wamuyu aliuliza kama katika ndege wote hao yuko hata mmoja wa kupika.

Jumatatu, 13 Juni

Njuki amejaribu kuchora ndege. Maskini! Ndege wake amefanana na jembe lililovunjika mpini. Nyamu alicheka mpaka akakaa chini. Njuki akaenda kulalamika kwa Mzee Kathuri, na Mzee Kathuri akasema amebakiza siku tano na ng'ombe wake hawaombi pasi.

Halafu nikasikia kupitia ukutani (nilikuwa nimeegemea tu) Bwana D.O. akimuuliza Njuki kwa nini pasi zake zinarudi kila siku. Njuki akajibu kwamba tatizo ni ndege. Bwana D.O. akasema hataki kusikia habari za ndege, anataka karani ambaye karatasi zake zinafanya kazi.

Karatasi zangu zinafanya kazi! Nimemwambia Wamuyu aondoe sufuria sakafuni. Amesema ataziondoa akishaona bati.

Jumanne, 14 Juni

Bwana D.O. ameondoka alfajiri kukagua vijiji vya chini, atarudi Alhamisi. Sisi makarani tulishinda kwenye baraza ya chifu, jua kali, hotuba ndefu, hakuna chakula. Wakati wa kurudi nikamwona Bundi, tarishi wa Bwana D.O., amekaa kwenye banda la lango na mkoba wake. Nyamu akainua karatasi juu na kuniita kwa sauti, "Karani! Hii hakuna kuku!"

Anamwita kuku. Nimemkosoa mara nyingi.

Nilikuwa na njaa, sikutaka kusimama. Nikamuuliza toka mbali kama kuna mikia. Akasema hata mmoja. Na mwandiko ukoje? Akasema mbaya sana, kama wa mtu mwenye malaria. Basi mzuie, nikamwambia, nikaenda zangu kula. Mlinzi wa namna hii anastahili nishani.

Jumatano, 15 Juni

Bundi bado yuko bandani. Anachoma viazi. Anasema ameitumikia serikali kwa miguu miaka kumi na mmoja na hii ndiyo mara ya kwanza serikali kumwambia akae. Hana haraka. Nikamsifu Nyamu mbele yake, ili ajifunze nidhamu.

Nimeshinda nikifanya mazoezi ya maneno "Karani Mkuu". Mara arobaini. Herufi K nimeipa mikunjo mitatu, na ya mwisho inazunguka jina zima na kurudi nyumbani.

Alhamisi, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bwana D.O. alirudi saa sita, akamkuta Bundi langoni na kiazi mkononi. Bahasha ilikuwa bado ndani ya mkoba. Niliitwa. Bwana D.O. alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akaifungua bahasha mbele yangu, akanipa barua niisome. Sikuweza, ni mwandiko wake. Ikabidi Mzee Kathuri anisomee.

Ilikuwa fupi. Ilisema karani mkuu mpya wa Kanja awe Ndambiri.

Ndambiri! Mimi! Ilitakiwa ifike Embu jana kabla ya saa sita mchana. Kwa kuwa halikufika jina lolote, Embu wameamua wenyewe, na uamuzi wao ulikuja na lori la asubuhi ndani ya sanduku la mbao. Ni taipureta. Karani anayeweza kuitumia ndiye atakayekalia kiti.

Njuki alifundishwa chuoni. Akakaa, akapiga mistari miwili. Nikainama kutazama. Herufi moja moja, zimesimama wima, hakuna inayomshika mwenzake mkono. Hata mashine imeiga mwandiko wake!

Bwana D.O. akauliza ni nani aliyeleta habari za ndege. Nyamu ni mtu mwaminifu. Alininyooshea kidole, akapiga na saluti. Basi ametoa amri: kuanzia leo mtu yeyote mwenye karatasi yenye ndege azuiliwe bandani mpaka kesho yake.

Nimelia kidogo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Wamuyu alinikuta, akasogeza sufuria moja karibu yangu. Sijui ilikuwa kwa ajili ya paa au kwa ajili yangu.

Jumamosi, 18 Juni

Mzee Kathuri ameondoka. Alinishika mkono kwa wema, akasema katika miaka minne amefaulu kusoma karibu nusu ya yote niliyoandika, na nusu hiyo ilikuwa nzuri. Nimeguswa sana.

Njuki amehamia kwenye mabati. Mvua ikanyesha papo hapo, kwa makusudi. Afadhali angejigamba! Badala yake alitualika chai. Nikakataa. Wamuyu alikwenda, akarudi jioni akasema tu kwamba kule ndani ni pakavu.

Jumapili, 19 Juni

Leo tulikuwa twende kumwona mama yake Wamuyu, ambaye ni mgonjwa wa miguu. Njuki alitupigia pasi mbili kwa mashine, moja ya Wamuyu, moja yangu, bila maneno mengi. Wamuyu aliniangalia machoni akaniomba, kwa jina la mtoto wetu Njeru, kwamba leo nitembee tu kama watu wengine. Nikaahidi.

Lakini nilipobaki peke yangu niliitazama ile karatasi. Baridi iliyoje! Hakuna mnene, hakuna mwembamba. Jina langu limesimama pale kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Nikaionea huruma. Nikachukua kalamu. Ndege mdogo tu, pembeni kabisa, wala si njiwa, ni chiriku. Nani angemwona?

Nyamu alimwona. Hakuna jicho kama lake katika wilaya nzima, na mimi ndiye niliyelifundisha. Pasi ya Wamuyu ilikuwa safi, akapigiwa saluti, akavuka na kikapu chake. Aliniachia viazi viwili na hakugeuka nyuma.

Naandika haya bandani, juu ya gunia alilokalia Bundi. Kesho asubuhi nitaachiliwa, na Bwana D.O. ameamuru nipelekwe kuchimba handaki kwa wiki mbili. Nimepata nafasi ya kufikiri kwa utulivu ni wapi hasa nilipokosea, na sasa naona wazi kabisa. Nyamu alikwisha kunionya siku ile ya mzee Mukiri, nami sikusikia. Chiriku ana mkia mfupi mno.

Mara nyingine nitachora tausi.