Madoa Matano ya Simu ya Rukiyabai

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Hatimaye zamu yangu. Nimetoka Mikindani na simu imefungwa kwenye kanga, nimeikumbatia ndani ya bajaji mpaka nyumbani Chuno. Dereva aliuliza kama mtoto ana homa. Nikamwambia hii ni plastiki ya miaka ya sabini. Hakuuliza tena.

Niandike kwa utaratibu. Simu ya mezani, ya kuzungusha namba, rangi ya maziwa. Mali ya Rukiyabai, mama mmoja wa Mikindani, kutoka duka la marehemu baba yake. Mwisho wa mwezi anahamia Dar kwa binti yake Ruksana, ghorofani, ambako mkwe hataki vitu vya kale. Simu atampa mmoja wetu: mimi au Zahir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kila mtu anakaa nayo wiki moja. Zahir amemaliza yake. Jumapili ya tarehe 11 tutakwenda wote wawili, na atakayemweleza yale madoa ni nini ndiye ataichukua.

Madoa yenyewe: ubavu wa kushoto umekuwa njano kama samli. Hilo ni la kawaida. La ajabu liko kwenye mkono wa simu. Madoa manne ya rangi ya kutu, membamba, yamepangana sambamba, na la tano upande wa pili, nene kidogo. Sijawahi kuona kemikali inayojipanga kwa adabu namna hii.

Za namna hii nina nyeusi, nyekundu na kijani. Nisipopata hii ya maziwa, kabati langu litabaki kama kinywa chenye pengo, na Zahir atalichungulia kila akija.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya ibada nikaliuliza kundi letu la WhatsApp la wakusanyaji wa simu za kale. Issa wa Lindi anasema ni moshi wa ubani. Nyumba za Mikindani hufukizwa kila Alhamisi. Zahir anasema njano ni jua la dirishani, ila ya madoa hajui. Hajui, na anakiri mbele za watu!

Nikawaandikia maelezo kamili. Plastiki za zamani ziliwekewa bromini ili zisishike moto upesi. Miaka ikipita, bromini huchoka kukaa ndani na kujitokeza nje. Kiwandani mchanganyiko haukukorogwa vizuri, kwa hiyo imejitokeza kwa mistari. Zahir alijibu kwa dole gumba moja. Wivu.

Nilimwomba mke wangu Witness anishikie tochi. Akatazama madoa, akanitazama mimi, akauliza kama nimemuuliza mwenyewe Rukiyabai. Nikamweleza kwamba daktari hamuulizi mgonjwa jina la ugonjwa. Akaiweka tochi mezani, akarudi kwenye kunde zake.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata wazo, na ni zuri kiasi cha kunikosesha hamu ya chakula. Zahir atakwenda na maneno matupu. Mimi nitakwenda na maneno pamoja na simu iliyorudi ujanani. Wakusanyaji wa nje hupaka dawa ya kublichi nywele, wakaanika juani. Njano yote huondoka.

Nikaenda saluni ya dada Tatu, mtaa wa Mtawanya. Aliuliza ni ya nani. Nikasema ya mtu mzima, wa familia nyingine. Akauliza nywele zake ni ndefu au fupi. Nikasema hana nywele. Tatu alinitazama kwa huruma, akanipa chupa mbili na kuniombea kwa Mungu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wa bandarini wamekwenda kutazama ng'ombe wa maonyesho. Mimi nimeipaka simu dawa, nikaizungushia nailoni, nikaipandisha juu ya paa la choo. Nikakaa nayo nikiigeuza kufuata jua. Jirani aliuliza kulikoni huko juu. Nikajibu kazi ya kitaalamu.

Matokeo. Mkono wa simu: mweupe kama meno ya mtoto. Madoa yote matano yametoweka, hata kivuli hakuna. Kiwiliwili: kuna tatizo dogo. Nailoni ilikuwa na mikunjo, na kila palipokunjwa pamebaki njano. Kwa sasa simu inafanana na pundamilia aliyelala kwenye samli. Nimeamua kwamba inapendeza.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa. Nimemwonyesha Witness picha niliyoipiga Jumamosi na simu yenyewe ya leo, ili aone tofauti. Hakusema neno juu ya weupe. Aliweka vidole vyake vinne juu ya picha, kila kimoja juu ya doa lake, na gumba likaangukia pale penye doa la tano. Akasema, hina. Bibi harusi alishika simu kabla hina yake haijakauka. Akasema alijua tangu siku ya tochi, na kwamba mwanamke yeyote aliyewahi kwenda kupaka hina kwenye harusi ya jirani angejua.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, Baba Doreen, ulishasema wewe ni daktari.

Kwa hiyo sasa ninalo jibu sahihi, ambalo Zahir hana. Nilichokosa ni madoa. Nitasimamaje mbele ya mama wa watu kueleza kitu ambacho nimeshakifuta?

Lazima yarudi.

Jumamosi, 10 Agosti

Kwa Tatu tena. Nilimwambia nataka hina. Akauliza ipi, ile nyekundu au hii wanayopenda mabibi harusi wa siku hizi. Nikasema inayodumu zaidi. Akanipa kipakiti, akaulizia hali ya yule mgonjwa wangu. Nikasema ameanza kuwa na michirizi.

Nikakoroga kwa kufuata maelekezo, nikapaka vidole, nikaushika mkono wa simu kama mtu anayeongea. Nikakaa hivyo mpira mzima wa redioni, pamoja na uchambuzi. Nilipoachia, madoa matano yalikuwepo, yamenyooka vizuri kabisa.

Meusi ti. Alichonipa Tatu ni piko. Sisi tuliokuja huku kwa kazi tunajuaje kwamba kuna hina na kuna piko? Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Simu haikubali. Vidole vyangu navyo havikubali.

Witness alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema niende Mikindani leo hii hii, nimwambie yule mama ukweli wote kabla hajaiona. Alisema, hivyo ni vidole vyake, Baba Doreen, si rangi. Nimelitafakari. Nimeona halina utaratibu. Miadi ni kesho.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani Josephu, tunayefanya naye kazi bandarini, aliniona mkono akauliza nimepiga kura mara ngapi. Watu wa benchi zima walicheka. Sikumjibu, nilikuwa najiandaa.

Mikindani. Zahir alikuwa amefika kabla yangu, amekaa mkekani na kikombe cha chai. Nikatoa shikamoo, nikakaa, kanga mapajani. Rukiyabai akaanza na Zahir. Zahir akasema njano ni jua, lakini madoa hayajui, na kama Rukiyabai angependa kumsimulia, angefurahi kusikia. Nusura nimhurumie.

Ikaja zamu yangu. Nikasema neno moja: hina.

Uso wa yule mama ulikunjuka. Alinishika bega, akaniita mwanangu, akasema sasa anaweza kwenda Dar na moyo mweupe. Nilimtupia Zahir jicho. Kisha nikafungua kanga.

Rukiyabai aliinama. Akaweka vidole vyake juu ya madoa. Vyake ni vyembamba. Vikaingia ndani ya alama za vyangu na nafasi ikabaki. Akauliza tangu lini hina yake imekuwa nyeusi. Nikamweleza kuhusu bromini. Akatazama mkono wangu. Niliuingiza mfukoni, lakini nilichelewa.

Hakugomba. Alimgeukia Zahir, akamsimulia yeye. Siku ya kupakwa hina, baba yake alikuwa amekwama Mombasa, anaumwa. Simu ikalia dukani. Wanawake wote wakapiga kelele asiguse kitu, hina itaharibika. Akakimbia akaipokea. Baba yake aliwasikia wanavyomgombeza, akacheka sana huko alikokuwa. Alizikwa huko huko Mombasa, na kile kicheko ndicho cha mwisho alichokisikia kutoka kwake. Zahir alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi niliona kwamba duara la namba lingeweza kung'aa zaidi.

Rukiyabai aliuinua mkono wa simu mpaka sikioni, ingawa haina hata waya. Akaurudisha taratibu. Akaniambia, "Chukua, mwanangu. Kilichokuwa changu humu hakimo tena."

Akamwomba Zahir abaki, wanywe chai nyingine. Mimi hakuniomba, nadhani kwa kuwa nilikuwa na mzigo.

Nimeshinda.

Jumatatu, 12 Agosti

Simu iko kabatini, kati ya nyekundu na kijani. Nikitoka chumbani Witness huigeuza itazame ukutani. Naigeuza tena.

Nimefanya tathmini, maana bila tathmini mtu hurudia makosa. Kosa la kwanza: nailoni ivutwe vizuri, isiwe na mikunjo. Kosa la pili: hina iwe nyekundu. Kosa la tatu nimelitafuta mpaka chai ikapoa. Halipo.

Jioni Rozalia, kiongozi wa kwaya, amekuja kuniomba nitazame plagi ya kinanda cha kanisa, inalegea. Plagi si kitu. Nilichokiona mimi ni vibonye, vyote vimekuwa njano. Nimemwambia akiache hapa. Mpaka Jumapili kitakuwa kipya. Alisita, akasema juu ya vibonye kuna herufi ambazo marehemu mwalimu Kasiani aliwaandikia kwa mkono wake walipokuwa wanajifunza.

Nimemtoa wasiwasi. Hizo nitazifuta bure.