Piko Isichuje Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 9 Julai 1984

Leo nimepungua miaka kumi. Nilikwenda Katesh na lori la shamba kuchukua mikanda ya kombaini, nikapitia dukani kwa Mwantumu kununua kopo la piko, rangi ya nywele. Sasa kichwa changu ni cheusi tii! Nimejitazama kwenye kioo mpaka mshumaa ukaisha.

Mwantumu alinipa masharti. Koroga na maji, paka, subiri nusu saa, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo kichwa kisione jua kali wala sabuni ya magadi, na kipate mafuta ya nazi kila siku. Nikamwuliza mafuta ya nazi yanapatikana wapi. Akasema Tanga. Sabuni nayo haijaonekana Katesh tangu Mei. Mara ya kwanza nimefurahia upungufu.

Yote haya ni kwa ajili ya Fabiola. Mwalimu wa shule ya hapa shambani, mjane, miaka arobaini na mbili, akicheka nasahau hesabu za stoo. Tangu alipofika Januari ananiona na kofia tu. Hata kanisani nakaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya baraka. Nilimwambia nina miaka arobaini na saba. Nina hamsini na saba.

Jumapili hii kaka yake mkubwa, Joakimu wa Endagikot, anataka kuniona. Akinikubali, naoa. Akinikataa, nitakula ugali wa kujipikia mpaka kaburini. Piko lazima ifike Jumapili. Siku sita tu!

Jumanne, 10 Julai

Balaa. Vijana wa kombaini walikuja stoo asubuhi kuchukua vipuri. Kila siku huingia na shikamoo mzee. Leo mmoja akanipiga bega na kusema vipi, Niko. Niko! Jina langu ni Nikolausi na nimetunza stoo hii tangu yeye hajaota meno.

Halafu akaja Xavery, fundi mkuu, adui yangu tangu darasa la kwanza. Tumezaliwa kijiji kimoja kiitwacho Daudi, mwaka mmoja. Yeye ana mvi kichwa kizima na anazibeba kama taji. Alisimama mlangoni. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema anangoja shikamoo yake.

Sikumfukuza, kwa sababu namhitaji. Mtu hawezi kujisemea kwa wakwe, anahitaji mshenga mtu mzima. Wazee wengine wote wako kwenye mavuno. Xavery amekubali kwa sharti moja: mbele ya akina Joakimu nimwamkie shikamoo. Anasema nikiwa na arobaini na saba na yeye hamsini na saba, hakuna njia nyingine. Nimetafuta njia nyingine. Kweli hakuna.

Jioni nimeona wekundu kwenye panja, rangi ya bati lililoota kutu. Nashuku maji ya kisima chetu, yana magadi. Nimeamua: kichwa hakigusi maji mpaka Jumapili.

Jumatano, 11 Julai

Kichwa kinawasha! Makombaini yanavuna kitalu cha jirani na vumbi la ngano linaingia mpaka kwenye chai. Makapi yamejaa nyweleni. Kukuna siwezi, rangi itatoka. Nimekuwa najipiga makofi kichwani. Karani wa mizani aliniuliza kama nimesahau jambo.

Kuhusu mafuta nimepata akili. Mafuta ya nazi kazi yake ni kuzuia maji. Stoo kwangu kuna pipa zima la kitu kinachozuia maji. Nimepaka grisi, kidogo tu, vidole viwili. Rangi imeng'aa ajabu! Kwa dakika kumi nilikuwa kijana mtanashati kuliko wote Hanang. Kisha upepo ukageuka na vumbi lote la kitalu likaja kukaa juu yangu.

Xavery alinizunguka mara mbili akaniuliza nimetembea kilomita ngapi tangu sevisi ya mwisho. Namchukia mtu huyu.

Alhamisi, 12 Julai

Grisi haitoki kwa maji. Inatoka kwa mafuta ya taa. Piko nayo inatoka kwa mafuta ya taa.

Sasa nina rangi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ng'ombe wa namna hii ningemnunua. Nimevaa kofia siku nzima na kusema nina mafua.

Ijumaa, 13 Julai

Nimepaka mkono wa pili, na safari hii nimetumia kichwa changu. Nimejiuliza, kwa nini piko huchuja? Kwa sababu watu wanaisuuza! Unanunua rangi kwa jasho lako, halafu unaimwaga na maji. Mwantumu ni mfanyabiashara, lazima aseme suuza ili urudi dukani. Mimi sikusuuza hata tone. Nimepaka nene kama uji, ikakaukia palepale. Juu yake nimefunga nailoni ya mfuko wa mbolea, na juu ya nailoni kofia. Weusi huu hauendi popote.

Mchana Fabiola alipita stoo. Aliuliza kwa nini nina kofia ndani ya nyumba na kwa nini kichwa kinatoa sauti ya karatasi nikigeuka. Nikamwambia masikio yana baridi. Alinitazama kwa upole, akasema kaka yake ni mtu wa kawaida, hapendi makuu, anapenda mtu mkweli tu. Nikamwambia hata mimi.

Amependeza sana na gauni lile la kijani. Kama Joakimu atanikataa sijui nitafanyaje.

Jumapili, 15 Julai

Naandika kwa shida. Mkono una malengelenge.

Mimi na Xavery tulipanda lori jana mpaka Mbulu, leo baada ya misa tukaenda Endagikot kwa miguu, baridi kali, jua dogo, hali ya hewa nzuri kwa piko. Shati jeupe. Nailoni nimeitupa njiani, kofia nimeivua mlangoni kwa mbwembwe. Joakimu akatupokea. Mwanamume mfupi, miaka hamsini na moja. Miaka hamsini na moja! Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kijana wangu. Nikampa shikamoo Xavery. Xavery aliitikia marahaba taratibu sana, kama mtu anayekula nyama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wazee walikaribishwa ndani, karibu na moto, kwenye pombe ya asali. Xavery akaingia na wazee. Mimi nilipoinua mguu, Joakimu akanishika bega kwa wema akasema vijana wako nyuma ya nyumba, kondoo anachinjwa na kuni bado. Akaongeza kwamba dada yake ni mwalimu, ana shamba na hana mtu wa kulima, kwa hiyo familia ingependa kuona nguvu za mchumba.

Wakanipa shoka. Gogo lilikuwa la mzeituni mwitu, gumu kuliko chuma cha jembe. Vijana walikuwa na miaka ishirini na kitu, wananiita shemeji na kunihimiza. Nilipasua. Ndani nilisikia Xavery akicheka na kuongezewa pombe. Nilipasua tena. Mgongo ulilia, magoti yalilia, kisha jasho likaanza kutiririka.

Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga akapiga yowe kwamba mgeni anatokwa na masizi. Nikajitazama. Shati lote lilikuwa na michirizi myeusi mpaka kiunoni! Nilijipangusa uso, nikaufanya uwe mbaya zaidi. Watoto walikimbia. Wazee wakatoka na vibuyu vyao mkononi, Xavery mbele.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitamani gogo lipasuke niingie ndani yake.

Fabiola hakucheka. Alileta beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni, sabuni ya kweli yenye harufu, iliyofichwa kwa ajili ya wageni. Akaniinamisha, akaniosha kichwa mbele ya ukoo mzima. Maji yalitoka meusi, mara mekundu, mwisho meupe. Na nywele pia. Vidole vyake vilikuwa laini na mimi nilifumba macho. Nikiwa mkweli, nililia kidogo, lakini nilikuwa na povu.

Nilipoinuka, Joakimu alizitazama mvi zangu. Kisha akavua kofia yake akasema shikamoo, kaka. Nikaitikia marahaba. Nikaingizwa ndani, nikapewa kigoda karibu na moto, juu kidogo ya kile cha Xavery.

Wakati wa kuondoka Fabiola alinisindikiza. Alisema alijua tangu Januari, kwa maana kofia haifuniki kisogo. Mvi hazimsumbui. Marehemu mumewe alikuwa na nywele nyeusi na uongo mwingi, na ule uongo ndio uliomzeesha yeye. Anataka jambo moja tu. Jumapili ijayo nimletee cheti changu cha ubatizo ausome kwa macho yake. Mwaka wowote utakaokuwa umeandikwa hautamsumbua, tutakwenda kwa padre kuandikisha ndoa.

Nimeokoka! Nimeapa: uongo basi.

Jumatano, 18 Julai

Cheti nimekipata parokiani jana. Asubuhi nimenyoa upara, nimejisikia mwepesi, mtu mpya. Vijana wa kombaini wamerudisha shikamoo. Hata Xavery nimemsalimia vizuri.

Nimekaa na cheti mezani jioni hii. Karatasi nzuri, muhuri mzuri. Kuzaliwa 1927. Mwandiko wa padre aliyenibatiza ni wa wino mweusi, na ile mbili yake ameikunja mkia kwa uvivu. Mtu akiitazama haraka anaweza kudhani ni tatu ambayo haikumaliziwa.

Kwenye kitako cha kopo piko imebaki, nusu kijiko. Nimejaribu kwenye gazeti la zamani. Haichuji hata kidogo. Ajabu ni kwamba hili si uongo, kwa sababu Fabiola alisema mwenyewe kwamba mwaka wowote hautamsumbua. Na 1937 nao ni mwaka.