Mikono Mfukoni Juu ya Barafu

Januari 9, Jumatatu
Nimeanguka tena mlangoni. Mara ya tatu tangu theluji ya kwanza. Shahidi mmoja: Bibi Pyo wa nyumba ya juu, miaka themanini na mitatu, aliyerudi jana kutoka kwa mwanawe. Kabla ya saa nne binti yangu Yeon-ok alikwishapata habari. Akapiga simu. Nikianguka mara ya nne, nahamia kwake mjini, ghorofa ya kumi na tisa, ukuta mmoja na mama mkwe wake anayeimba. Jumapili atakuja anione nikishuka mteremko mpaka dukani na kurudi. Nina siku sita. Zinatosha!

Januari 10, Jumanne
Mpango: maji ya moto. Birika mbili. Barafu ikayeyuka yote! Nikaingia ndani kujipongeza kwa chai. Niliporudi, maji yalikuwa yameganda, njia imekuwa kioo. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile. Mawingu yalipita chini ya miguu yangu. Nguzo ya umeme imesimama kichwa chini. Nilikuwa bado nimeduwaa tarishi alipopita, ameketi, barua zikimfuata. Toka chini akauliza kama mzee wa nyumba hii ana akili timamu.

Januari 11, Jumatano
Nimemchunguza Bibi Pyo dirishani. Alishuka na beseni la kimchi, kabichi iliyochachushwa, kichwani. Hatua fupi. Unyayo mzima unatua kwa pamoja. Magoti yamelegea, mwili umeinama mbele kidogo, mkono mmoja kwenye beseni, wa pili wazi pembeni kama bawa la bata. Hatua mia na arobaini, nilizihesabu. Halikumwagika hata tone. Chai ilipoa mkononi mwangu.

Akaniona. “We kijana!” (Nina miaka sabini na miwili.) “Ukitoka, toa mikono mfukoni! Ukiteleza utajishika na nini, masharubu?”

Nikamjibu kwamba jeshini walinikataza mifuko miaka mitatu. Siku ya kutoka niliapa mikono haitoki humo tena.

Januari 12, Alhamisi
Mpango wa pili: kamba ya majani ya mpunga, kuzungushia viatu visiteleze. Ilitosha kiatu kimoja. Mguu wa kulia ukagoma, wa kushoto ukaendelea na safari. Nilianguka. Hakuna aliyeona. Haihesabiki.

Januari 14, Jumamosi
Theluji usiku kucha. Alfajiri nikasikia kitu kinasagwa nje. Nikachungulia. Bibi Pyo! Anaponda kwa kisigino makaa yaliyokwisha kuungua jikoni mwake, anamwaga majivu njiani. Mlangoni pake. Mlangoni pangu. Mpaka chini dukani, mstari mmoja wa kijivu juu ya weupe wote ule, mgongo wake umepinda, hapumziki.

Mwenye duka ameniambia kwa simu kwamba anafanya hivyo majira ya baridi ishirini na sita sasa, watu wasiteleze. Desemba hakuwepo, ndiyo maana njia ikawa mbaya. Na mimi miaka yote nilidhani ni ustadi wa mwendo wangu! Nilivua kofia kumheshimu. Nilikuwa ndani, lakini nilivua.

Kisha nikatazama mlangoni pangu. Uchafu mtupu! Na Yeon-ok anakuja kesho kukagua. Nikachukua ufagio. Nimefagia mpaka pameng’aa.

Januari 15, Jumapili
Yeon-ok amefika saa nne, viatu vya visigino. Mimi mlangoni, wima, mikono mfukoni.

“Baba, mara ngapi nakwambia utoe mi—”

Hakumaliza. Alipaa. Sikujua mtoto wangu anaweza kupaa.

Bibi Pyo akashuka kama bata, akamwinua, akamwingiza ndani hatua kwa hatua. Mfupa mzima, kifundo kimevimba. Bibi Pyo akauliza nani kafagia majivu yake. Nikasema upepo. Akautazama ufagio, akanitazama mimi. “Upepo una masharubu,” akasema, akaondoka.

Hesabu ni hii: aliyeanguka ni yeye. Mimi sikuanguka! Habari ya kuhama imekufa. Yeon-ok ndiye atakayekaa hapa, wiki mbili, mguu juu ya mto.

Mama mkwe wake anakuja kesho asubuhi kumuuguza. Ameshaanza kuimba kwenye simu. Mgeni lazima akute njia safi.

Nimejaza birika mbili.