Dola Moja kwa Kila Alama

Katika mji wote wa Thunder Bay, kuanzia bandarini mpaka barabara inapokomea kwenye misonobari, hajazaliwa mtu wa kumliza Garnet Prusky. Nalisema mapema, ninyi mnaosubiri plagi na mikanda ya pikipiki zenu, ili msije mkakaa roho juu bure. Mimi mwenyewe sikuwahi kukutana naye. Nasimulia nilivyosikia, na nilivyosikia ni kwamba alikuwa kijana mtanashati, mabega haya hapa, ulimi umepakwa siagi pande zote mbili. Wanawake walimgeukia. Mbwa pia.

Basi, siku moja ya Novemba Garnet aliingia katika duka la Orville Kettunen, muuza pikipiki za theluji. Hakuwa na shida na pikipiki. Alikuwa na shida na baridi. Lakini alipokuwa akipuliza vidole akaiona dirishani. Nyekundu. Mpya. Kiti cha ngozi, taa kama macho ya mtu aliyeambiwa siri. Bei yake, dola elfu sita na mia mbili. Tangu akiwa mtoto anatembea kwenda shule na theluji imemfika kiunoni, huku watoto wenzake wakimpita wamepanda pikipiki, Garnet alikuwa akiota nyekundu kama hiyo. Mfukoni alikuwa na dola kumi na moja na tiketi ya basi iliyokwisha muda.

“Imekufa tena, mwanaharamu huyu!” ilipaa sauti kutoka nyuma.

Huyo alikuwa Orville mwenyewe, anaipiga kompyuta kofi kama anayefukuza nzi.

“Nani kafariki, bosi?” akauliza Garnet, tayari amevua kofia kwa heshima ya marehemu.

“Tovuti! Jumamosi ndiyo mauzo yangu ya theluji ya kwanza. Wateja wa kaskazini wote wananunulia humo humo. Isipofunguka Jumamosi, nitakula vipuri mpaka Pasaka.”

“Aliyekutengenezea yuko wapi?”

“Kanikimbia. Nilitaka kumlipa kwa plagi, akajidai ana njaa.”

Ubahili wa Orville ulikuwa na jina lake mjini, lakini si jina la kutamkwa mbele ya wateja. Garnet akasogea, akachungulia skrini. Humo ndani aliona PHP, ile lugha inayoendesha nusu ya maduka ya mtandaoni na kuwaotesha mvi vijana wanaoiandika. Kuhusu PHP, Garnet alijua mambo matatu tu. Kwanza, ni herufi tatu. Pili, ukisahau nukta-mkato moja, nyumba nzima inaanguka. Tatu, kila jina la kitu humo ndani hutanguliwa na alama ya dola: bei ni $bei, mteja ni $mteja, hata mwizi angekuwa $mwizi.

Mawili ya kwanza hayakumshughulisha.

“Bosi, nitakutengenezea,” akasema. “Na mshahara sitaki.”

Orville akageuka taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbinguni. “Hutaki nini?”

“Mshahara. Unaziona hizi alama za dola humu? Kila moja nihesabie dola moja. Zikifika bei ya ile nyekundu pale dirishani, naondoka nayo. Zisipofika, nimekufanyia bure, tunapeana mkono.”

Orville akahesabu zilizokuwa mbele yake kwenye skrini, midomo ikichezacheza. Kumi na nne. Akazihesabu tena kwa furaha. Kumi na nne! Kijana atoe kumi na nne, atoe thelathini, atoe hata mia mbili, elfu sita ataiona wapi? Moyoni mwa Orville ngoma zililia. Usoni alijitahidi kukunja ndita.

“Hapo unaninyonga,” akasema, “lakini nakuonea huruma. Tuandikiane.”

Wakaandikiana nyuma ya orodha ya bei za mikanda. Garnet ndiye aliyeshika kalamu, maana mjanja haachi kalamu kwa mwingine. Akaandika kwamba tovuti ifunguke Jumamosi asubuhi. Kisha, asije Orville akamkatalia hata alama moja, akaongeza kwa mwandiko wa hakimu: *Kila kilichoandikwa ndani ya mafaili, kikubwa kwa kidogo, kihesabiwe na kiheshimiwe.*

Shahidi akawa dada yake mkubwa Orville, Aune, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyevaa jezi ya magongo ya barafuni na kukaa kwenye kaunta ya vipuri. Mkononi alikuwa na persheni, yale maandazi yetu yaliyopakwa sukari ya waridi, na nusu ya sukari ilikuwa tayari kwenye jezi.

“Umeandika ‘kiheshimiwe’?” akauliza.

“Ndiyo, mama.”

“Mama yako nani? Ningekuzaa mimi, ningekurudisha na risiti.” Akasaini, akaacha alama ya kidole cha waridi. “Haya. Na kiheshimiwe.”

Sasa fikiria wewe ni Garnet. Unahitaji alama elfu sita na mia mbili na zote huwezi kuziandika, kwa sababu hata moja hujui kuiandika. Unafanyaje? Unafanya wanavyofanya mafundi wote wa PHP duniani, wakubwa kwa wadogo, ila wao hawakuambii. Unanakili.

Akaenda maktaba, penye joto na mtandao wa bure. Akachimba kwenye kibaraza kimoja cha zamani cha mtandaoni walikokuwa wakisaidiana mafundi, huko chini kabisa, mahali ambapo mtu wa mwisho kuandika “asante” alishaota ndevu nyeupe. Hapo akakuta duka zima la mtandaoni, limeandikwa tayari, linagawiwa bure, dola zimejaa mpaka zinamwagika. Akabandika faili la kwanza. Akabandika la pili. La thelathini na moja akalibandika huku akipiga mluzi.

Juu kabisa ya kila faili kulikuwa na mistari ya kijivu inayoanza kwa vijiti viwili vilivyoinama. Hayo huitwa maoni, maneno ambayo fundi humwachia fundi mwenzake. Mashine ikikuta vile vijiti hufumba macho na kupita. Garnet naye akapita. Akili timamu gani inasoma kitu ambacho hata mashine imekidharau?

Ijumaa mchana akaifungua tovuti mbele ya Orville na Aune.

Ilikuwa nyeupe.

Si nyeupe yenye maneno. Nyeupe tupu, pembe hadi pembe, kama shuka ya hospitali. Ugonjwa huu kila fundi wa PHP anaujua, na umewaharibia wengi chakula cha mchana: lugha hubadilika, maneno ya zamani yanafutwa, na seva mpya ikisomewa maneno ya babu zake haisemi “sielewi, rudia.” Inanyamaza tu na kukutazama.

Garnet hakuujua ugonjwa huo. Lakini alijua wanadamu.

“Ni nyeupe,” akasema Orville.

“Umeiona, ee?” Garnet akashusha sauti. “Theluji.”

“Theluji?”

“Bosi, unauza nini wewe? Nanasi? Mteja akifungua tu, baridi inampiga. Anasema, lo, nahitaji pikipiki.”

Orville akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia. “Na pikipiki zenyewe ziko wapi?”

“Chini ya theluji. Kwani pikipiki yako ikifunikwa na theluji unaikuta juu?”

Nyuma ya kaunta Aune alikohoa kwa muda mrefu. Persheni ilikuwa imemwendea vibaya.

“Ni ya kisasa kidogo,” akakiri Orville, maana bure ina utamu wake hata ikiwa nyeupe. “Haya, tuhesabu hizo dola zako, tumalize.” Akatoa kalamu na kikaratasi kidogo. Kidogo sana.

“Weka kalamu,” Aune akasema. Akaivuta kompyuta, akafuta vidole kwenye jezi, akaandika mstari mmoja na kubonyeza. Namba ikatokea kabla Orville hajapepesa.

“Elfu sita mia mbili na kumi na nne.”

Kikaratasi kikaanguka. Orville akakiokota, akakigeuza mbele na nyuma. “Zilikuwa kumi na nne,” akasema kwa sauti ndogo. “Mimi nilihesabu kumi na nne.”

“Hizo kumi na nne nakuachia, bosi. Za chai.” Garnet akanyoosha kiganja. “Ufunguo.”

Alikuwa ameshaanza kuusikia ule mngurumo mapajani. Alikuwa ameshajiona akiipita shule yake ya zamani.

“Subiri,” Aune akasema. “Mkataba unasema kihesabiwe na kiheshimiwe. Tumehesabu. Sasa tuheshimu.” Akapandisha faili la kwanza mpaka juu kabisa, kwenye ile mistari ya kijivu, akasoma kwa sauti ya kanisani:

“// Nimeiandika mimi Aune Kettunen, kiwanda cha karatasi, 2004.
// Itumie bure. Ukiiuza, ulicholipwa ni changu.
// Ukiiharibu, unanifanyia kazi mpaka niseme basi.
// Mvivu wewe, hutasoma hapa.”

Nje gari la kukwangua theluji likapita, likakohoa mlangoni.

“Hayo ni maoni tu, mama!” Garnet akapata sauti, ingawa ilikuwa ya mtu mwingine mwembamba zaidi. “Mashine haiyasomi!”

“Mashine haikusaini mkataba. Umesaini wewe.”

“Unajua PHP?”

“Huyu ndugu yangu hajawahi kuniuliza. Miaka kumi na tisa nimekaa nayo kiwandani. Ndoa yangu haikufika hapo.”

Orville akacheka mpaka akashika meza. Kisha akakumbuka kwamba malipo yenyewe ni ile nyekundu, na ufunguo ulikuwa unakwenda kwa dada yake, akakatisha kicheko katikati kama aliyemeza plagi. Jioni ile ile Aune alibadilisha maneno ya kizee kwa maneno mapya, akaweka nukta-mkato mbili ambazo Garnet alizipoteza wakati wa kubandika, akaziweka bei na pikipiki mbele ya mteja. Jumamosi asubuhi tovuti ilifunguka, na kufika saa sita Orville alikuwa ameuza kuliko msimu mzima uliopita. Lakini aliuza akiwa na majonzi, kwani kila alipoinua macho alimwona Aune anazunguka uwanja wa nyuma kwa nyekundu, jezi inapepea, andazi mdomoni.

Na Garnet? Hapo ndipo msikilize vizuri, kwa sababu watu wa mji huu wana uongo. Watasema alitaka kukimbia, basi alilotegemea likakutwa limezikwa na theluji, na koleo pekee lililokuwapo lilikuwa la Aune. Uzushi mtupu. Nilivyosikia mimi, Garnet alimtazama yule mama mara moja kwa yale macho yake, akamlegeza, akauchukua ufunguo kwa vidole viwili, akapanda nyekundu na kutoka kwa kasi moja kwa moja juu ya ziwa lililoganda, moshi nyuma, hadi Minnesota, upande wa Marekani, na mpaka leo hakuna aliye—

“Ziwa halijaganda bado, Garnet,” Aune akasema kutoka kwenye kaunta, bila kuinua macho kutoka kwenye andazi. “Wape watu plagi zao. Koleo liko mlangoni.”