Hotuba ya Injinia, kwa Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wetu wa ukalimani ametangaza. Alhamisi tutatafsiri mkutano wa kweli, na mkurugenzi wa mikutano atatusikiliza kwa hedifoni. Ni mgeni, lugha yetu haijui hata salamu. Atachagua mmoja wetu ampe kazi. Mmoja! Nikikosa, nitauza sukari dukani kwa shangazi mpaka nizeeke.

Bila shaka ni mimi. Kikwazo ni Kinanda. Darasa zima linamwita hivyo kwa sababu ya sauti yake, naye anajua. Tena tumepangwa kibanda kimoja cha wakalimani! Mmoja akisema, mwenzake anamwandikia tarakimu na majina kwenye vikaratasi. Vikaratasi vyake abaki navyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Nitaanza mimi, na msemaji wangu ni injinia wa maji taka. Mwalimu amekataza kutafuta hotuba mapema, eti anataka tusikilize. Kusikiliza ni kwa watu wasiojipanga.

Nikamwendea karani wa ukumbi, nikamsifu nywele. Akasema nywele hizo hazijaona kitana tangu wiki iliyopita, niseme tu shida yangu. Nikasema. Akanipa nakala, ili mradi nimwondokee pale mlangoni.

Kavu kama kuni! Nimeipamba. Bomba linapopasuka, nimeweka machozi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeikariri yote. Nimemsomea shangazi akipima sukari. Akauliza huyo injinia kafiwa na nani. Nikasema na bomba. Akasema maskini, Mungu ampe subira, na mimi nikimaliza kulia nihamishe lile gunia.

Kinanda akapiga simu, twende tujifunze pamoja. Nikamwambia tumbo linanikata. Akaja na dawa! Unafiki wa huyu dada hauna mwisho. Ilibidi niinywe mbele yake. Sasa tumbo linanikata kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike haraka kabla aibu haijanizidi.

Injinia alipanda jukwaani. Nikawasha kipaza sauti, nikafumba macho ili hisia zije, nikaanza. Zilikuja! Kinanda akanisukumia kikaratasi. Nikakigeuza bila kukisoma. Akasukuma cha pili. Kijicho! Akanifinya. Nikamsogezea kiti mbali kwa mguu, nikaingia kwenye bomba, nikalia kidogo.

Nilipofumbua macho, jukwaani hapakuwa na mtu. Wenye hedifoni walikuwa wakipangusa machozi. Wasio nazo walikuwa wakiwashangaa.

Kumbe injinia hakuisoma hotuba kabisa. Alisema tu kwamba vyoo vya ukumbi vimeziba, maji machafu yanapanda, tafadhali mtu yeyote asishuke huko chini, na yeye anakwenda kuzibua. Akavua koti, akaondoka. Vikaratasi vya Kinanda vilisema hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.

Waliomsikia yeye walibaki vitini. Kati ya walionisikia mimi peke yangu, mkurugenzi ndiye aliyeguswa zaidi, akashuka chooni kunawa uso.

Alirudi kabeba viatu mkononi.

Wakati huo Kinanda alikuwa ameshaninyang'anya kipaza sauti na kuwaonya wengine. Mkurugenzi akamnyooshea kidole palepale: huyu. Halafu akaniuliza, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, kama kwetu tuna desturi ya kuwalilia mabomba.

Kinanda akanifuata kwenye ngazi. Akaniambia pole, mwenzangu, tumbo linaendeleaje? Nimekosa hata cha kumchukia.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi amenipa aproni. Mpya! Alikuwa keshainunua.

Lakini mwalimu ameniita. Mkurugenzi anahitaji mkalimani wa akiba, na Jumatatu nitapimwa tena. Msemaji ni daktari wa meno, na atazungumza bila karatasi. Mwalimu akarudia: bila karatasi, binti yangu, utasikiliza tu. Nikasema nimeelewa, na kwa kweli nimeelewa. Kosa langu lilikuwa moja: kutegemea hotuba iliyoandikwa na mtu mwingine.

Hii nimeiandika mwenyewe. Sehemu ya jino la mwisho imemliza hata shangazi, na mteja wake akasahau chenji.

Kesho asubuhi nakwenda kliniki. Nitajifanya jino linaniuma. Daktari akiniambia nifumbue mdomo, nitamkabidhi hotuba yake aanze kuikariri.