Umeme Wangu Nyumbani kwa Keziya

Jumatatu, 2 Juni 1997
Umeme hakuna tangu jana. Fyuzi ya nguzoni imekatika, na nguzo yenyewe inalisha nyumba mbili tu, yangu na ya Keziya jirani. Jumamosi tunamuaga mjukuu wangu Ikupa. Ndugu wa mchumba wanatoka Makwale. Keziya kauliza dirishani kama wageni watakunywa soda za moto. Nimezunguka uwanja mara nne, kukaa siwezi.

Jioni mwanangu Anyitike karudi kutoka Karonga na jenereta. Kanitengenezea waya wenye plagi huku na huku: mwisho mmoja jenereta, mwingine soketi ya sebuleni. Kasema kwanza nizime meni swichi. Umeme wenyewe haupo, nizime nini?

Jumanne, 3 Juni
Friji inanguruma. Soda zinapoa. Nikatoka nje Keziya asikie mngurumo. Nikakuta balbu ya barazani kwake inawaka, na redio inaimba. Petroli yangu hiyo. Umeme wangu umepanda waya hadi nguzoni, ukashukia kwake bila hodi.

Hata ndaga moja ya shukrani hakusema. Anawaambia wapita njia kwamba Mungu amejibu maombi yake.

Jumatano, 4 Juni
Nimezima jenereta ili imuume. Keziya akapiga magoti barazani. Soda zikaanza kupata joto, nikawasha. Akaimba. Nikazima, akapiga magoti. Nikawasha, akaita majirani washuhudie. Mpaka saa tisa nimemfanyia miujiza mitatu. Ndaga yake yote inakwenda juu.

Alhamisi, 5 Juni
Siku mbaya. Aliko, mchumba wa Ikupa, ni fundi wa nguzo. Leo ndiye aliyeletwa kubadili fyuzi yetu. Jenereta inanguruma, mimi natwanga karanga. Nikasikia kelele. Kufika nje, Aliko ananing'inia kwa mkanda kama mkungu wa ndizi, mkono umekakamaa.

Dickson, mkubwa wake, akaingia mbio sebuleni, akazima meni swichi na kung'oa plagi. Ametukana kistaarabu. Kasema fyuzi ile inajua umeme unatoka upande mmoja tu, kwao kuja kwetu. Mimi nimeuleta kinyumenyume. Aliko ametoa fyuzi akijua waya wa huku umekufa, kumbe bibi ameufufua. Dickson alisoma chuoni kwamba ng'ambo vipo vifaa vinavyotambua umeme unatoka upande gani, vikabadili vyenyewe kipimo cha kuukata. Nikamwambia avilete. Kasema havijafika hata Mbeya. Basi kama kifaa hakijafika, kosa langu liko wapi? Akaweka fyuzi mpya, akamchukua Aliko zahanati.

Kabla jua halijazama habari imefika Makwale. Shangazi yake Aliko, Veronika, kaagiza kwamba hawaoi kwa watu wanaobanika bwana harusi. Ikupa analia. Mimi sina machozi, nina hasira tu, na sijui nimkasirikie nani zaidi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwenda Makwale na jogoo na mchele kichwani. Veronika kaniacha nimesimama mpaka miguu ikavimba. Kisha akasema: nile kiapo mbele ya mchungaji kuwa nitaweka swichi ya Dickson ya kuzuia umeme wangu usipande nguzoni, la sivyo hakuna ndoa. Jogoo hakumrudisha. Nikaapa.

Mchana Dickson akafunga swichi. Mkono ukiwa juu, ni umeme wa nguzoni. Ukiwa chini, ni wangu, na njia ya nguzoni imezibwa. Vyote viwili kwa pamoja, haiwezekani. Nimemuuliza kama aliwahi kuona mwanamke wa Kyela anayeweza kimoja tu.

Jumamosi, 7 Juni
Saa kumi Keziya akawasha jiko lake la umeme makusudi, fyuzi ya nguzoni ikakatika tena. Wageni wamejaa. Nikashusha mkono wa swichi. Kwangu taa, kwangu soda za baridi mpaka meno yanauma. Aliko kacheka na mkono wake wenye bandeji. Veronika kala sahani mbili. Ikupa kaagwa vizuri, ndoa ipo.

Lakini kwa Keziya kiza. Alikunywa soda tatu, akaenda kwake kuwasha karabai. Ndaga hakuna.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada Keziya kawaambia akina mama kwamba jenereta yangu ni ya kitoto, haina nguvu hata ya kuvuka uzio. Yule aliyewashiwa siku tatu.

Sijatulia tangu nitoke kanisani. Nimeitazama swichi ya Dickson. Imeshikwa na skrubu nne tu, na Anyitike amesahau bisibisi hapa. Niliapa kuweka swichi, na niliiweka. Kuiacha ukutani sikuapa. Safari hii nitamwita kwanza atoke barazani, aone ninavyomwashia kwa mkono wangu, aseme ndaga mchana kweupe.

Kesho asubuhi Aliko anapanda nguzo yetu kubadili fyuzi, mkono eti umeshapona. Nimemwagiza Ikupa amwambie avae glavu.